Maziwa ya kopo, chupa na sabuni: pesa kidogo ya mtoto itumike wapi?

Desemba 2025, mapigano yalipofika Uvira, makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Burundi. Wengi walikuwa akina mama wenye watoto mgongoni, mikononi wameshika walichoweza kubeba: kitenge, sufuria, bidoni ya maji. Baadhi yao walipelekwa kwenye kambi na maeneo mapya ya mapokezi mashariki mwa nchi. Wengine wamejibana kwa ndugu mjini Bujumbura, kuanzia Buyenzi na Bwiza hadi Kinama.

Tangu hapo swali moja linarudi katika mazungumzo na familia: kwa nini mashirika yanagawa sabuni na ndoo, lakini hayagawi maziwa ya kopo wala chupa za kunyonyeshea? Ni swali la haki. Mama ambaye hajala vizuri tangu jana anaona mtoto analia, halafu anaambiwa aendelee kunyonyesha. Kumjibu kwamba "ndio utaratibu" hakutoshi.

Hesabu ya kopo

Tuanze na pesa. Mtoto anayelishwa maziwa ya kopo peke yake hutumia takriban kilo 20 za unga katika miezi 6 ya kwanza. Hayo ni makopo 50 ya gramu 400, karibu makopo 2 kila wiki. Maziwa haya hutoka nje na hununuliwa kwa fedha za kigeni, ambazo Burundi imekuwa na uhaba wake kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana bei hupanda ghafla.

Familia ikipewa makopo 4 na msamaria mwema, ina chakula cha wiki mbili. Katika wiki hizo mtoto ananyonya kidogo au haachi kabisa chupa, na maziwa ya mama yanapungua, kwa sababu titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Makopo yakiisha, mama hana pesa ya kununua mengine na titi halitoshi tena. Hapo wengi huanza kupunguza unga na kuongeza maji. Mtoto anashiba tumbo, lakini mwili unakonda.

Maji ndiyo tatizo kubwa zaidi

Unga wa maziwa ya kopo una kasoro ambayo watu wengi hawaijui: hata kopo likiwa jipya, unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linaelekeza uchanganywe na maji yaliyochemshwa ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, kisha yapoozwe ndipo mtoto anyweshwe. Chupa na chuchu yake zichemshwe pia. Mtoto mchanga hula mara 8 au zaidi kwa siku. Mama anayepika kwa mkaa wa kupima, katika mtaa ambako bomba hukauka, hawezi kufanya kazi hiyo mara 8 kila siku, usiku na mchana. Si uzembe wake.

Bujumbura inajua bei ya maji machafu. Mwanzoni mwa 2023 kipindupindu kilitangazwa hapa mjini, na Gatumba imefurika mara kadhaa kwa maji ya Rusizi na ya ziwa Tanganyika.

Yaliyotokea Botswana yanatufundisha. Nchi hiyo ilikuwa ikiwapa akina mama wenye virusi vya UKIMWI maziwa ya kopo bure, kwa nia njema. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa ilichafua maji na kuhara kukaenea. Zaidi ya watoto 500 wa chini ya miaka 5 walifariki katika miezi mitatu. Uchunguzi ulionyesha kwamba karibu watoto wachanga wote waliolazwa hawakuwa wakinyonya maziwa ya mama. Na Botswana ina uwezo kuliko nchi nyingi za jirani zetu.

Mei 1981 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kuzuia matangazo na ugawaji wa bure wa maziwa ya kopo. Nchi 118 ziliunga mkono, Marekani peke yake ikapinga. Miongozo ya dharura inayotumika leo inafuata njia hiyo: maziwa, chupa na chuchu za msaada zisipokelewe kiholela.

Kukataa peke yake hakutoshi

Hata hivyo, shirika linalokataa makopo linabaki na deni. Wapo watoto wanaohitaji maziwa hayo kweli: yatima, waliopotezana na mama zao njiani, wachache ambao mama ni mgonjwa sana. Hao wapimwe na mhudumu wa afya, na ikithibitika wapewe maziwa kwa muda wote wanaoyahitaji, pamoja na mkaa, maji safi na mtu wa kuwafuatilia. Mama mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza dawa zake vizuri anaweza kunyonyesha. Azungumze na kituo cha afya, asiache titi kwa hofu.

Deni la pili ni chakula cha mama. Mwaka 2025 mgao wa chakula kambini ulishushwa hadi nusu, na wakimbizi wa mjini kwa kawaida hawapati mgao. Mama mwenye njaa huendelea kutoa maziwa, lakini mwili wake ndio unaolipa. Anayesema "nyonyesha" bila kuuliza mama amekula nini amesema nusu ya ujumbe.

Ukiwa na pesa kidogo, anza hapa

Chakula cha mama. Ndagala, maharagwe, lengalenga au sombe, na maji ya kunywa ya kutosha. Franka ya kopo moja ikinunua ndagala na maharagwe, mama na mtoto wote wawili wamekula.

Sabuni na bidoni yenye kifuniko. Kunawa kabla ya kunyonyesha na baada ya kumsafisha mtoto husaidia sana kuzuia kuhara.

Kikombe kidogo chenye mdomo laini, badala ya chupa. Hata mtoto mchanga anaweza kunywa kwa kikombe, akikaa wima na kupewa polepole. Kikombe kinaoshwa kikatakata. Chuchu ya chupa huficha mabaki.

Mama anayekwenda kuuza sokoni hahitaji mashine ya kukamulia. Anawe mikono, akamue kwa vidole kwenye kikombe kilichochemshwa, afunike na kuweka mahali pa baridi. Kwa joto la Bujumbura, maziwa hayo yatumike ndani ya saa 4.

Nepi za kitambaa cha pamba, 10 hadi 12, zikaushwe juani. Pampers weka akiba ya safari au usiku. Zikitupwa mtaroni huziba maji ya mvua, na uchafu wake huishia mtoni na ziwani. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni. Nacho kina vijidudu.

Kitenge imara na chandarua chenye dawa. Kabla ya kununua chandarua, uliza kwanza kliniki ya wajawazito.

Mtoto akifika miezi 6, endelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi, na umwanzishie uji mzito wenye unga wa soya au ndagala iliyosagwa. Katika utafiti wa kitaifa wa 2016–2017, watoto 8 kati ya 10 wa chini ya miezi 6 nchini Burundi walinyonya titi pekee, lakini 56 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kwa wengi, titi lilifanya kazi yake; kilichokuja baadaye ndicho kilichopungua.

Maziwa yakionekana kupungua, usikimbilie duka. Mweke mtoto titini mara nyingi zaidi, mchana na usiku, na umwone mkunga. Na ukimwona mtu akigawa makopo mtaani kwako, mpokee kwa heshima, kisha mwombe pesa hiyo iende kwenye chakula cha mama.