Hedifoni za Ofisini na Haki ya Masikio



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui lolote, kisha akatujaalia masikio, macho na nyoyo ili tupate kushukuru. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Dada yetu mmoja, mfanyakazi wa ofisi mjini Kilifi, ameniletea swali. Anasema anakaa chumba kimoja na wenzake saba. Simu zalia, feni yavuma, na mazungumzo hayakatiki tangu asubuhi hadi alasiri. Ana vile vipokea sauti vidogo alivyopewa pamoja na simu, navyo humsaidia kusikiliza Qur'ani na darsa akiwa kazini. Sasa ametia akiba anunue hedifoni bora. Auliza: anunue za namna gani, na je, kufanya hivyo ni israfu?

Ningeweza kumjibu kwa mistari mitatu. Lakini swali lake limenigusa mahali penye kidonda, nami naona ni haki yenu nianze na kosa langu mwenyewe.

Kama mjuavyo, asubuhi huandika hesabu katika ofisi ndogo ya mizigo hapa Malindi, na baada ya alasiri nasomesha. Tuna pia darasa la tajwidi la akina mama, ambalo husimamiwa na mke wangu. Wengi wao wana watoto wachanga au wako mbali, Watamu, Gede na Kilifi, basi hurekodi kisomo chao kwa simu na kukituma, nami hukisikiliza ofisini wakati kazi imepungua, kisha nikawarudishia masahihisho.

Ofisi yetu iko orofani. Chini yake yuko fundi wa kuchomelea vyuma, na mbele yake ni kituo cha tuktuk. Mashine ya kukatia chuma inapoanza, hata kalamu hutetemeka mezani. Nilinunua hedifoni za bei rahisi zilizosifiwa kwa mdundo wake mzito, na kila kelele ya nje ilipopanda, nami nilipandisha sauti. Nilikwenda hivyo kwa muda wa miaka mitatu. Nyakati za usiku nikisikia mlio mwembamba sikioni, mfano wa nyenje, nikijiambia ni uchovu.

Siku moja mama mmoja wa darasa letu alituma Suratul Kauthar. Nikamwambia: umesoma "Kausar", umeitoa thaa kama siin, rudia. Akarudia. Nikamwambia bado. Kwa wiki mbili mama yule alirudia, akiweka ncha ya ulimi kati ya meno kama alivyofundishwa, na mimi nikimrudisha. Mwishowe alimwandikia mke wangu kwamba huenda ulimi wake hauna bahati na herufi hiyo, na kwamba angependa kupumzika darasa.

Usiku ule mke wangu aliketi sebuleni, nyumba imetulia, akakisikiliza kisomo kile mara tatu. Kisha akaniambia kwa upole: "Baba Swaleh, mwenzetu huyu amesoma sawa tangu siku ya kwanza. Asiyesikia ni wewe."

Nilikwenda kupimwa masikio. Mpimaji alinitia katika chumba kidogo kisicho na kelele, akanisikilizisha milio, mizito na myembamba, nami nikibonyeza kitufe kila niliposikia. Mchoro ulipotoka, mstari ulikuwa umenyooka vizuri upande wa sauti nzito, kisha ukaporomoka karibu na hezi 4,000. Akanieleza kuwa hapo ndipo madhara ya kelele huanza kuonekana aghalabu, na kwamba umri nao umetia mkono wake. Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo ambazo huupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye mishipa ya fahamu. Zikifa, kwa mwanadamu hazioti tena. Sasa fahamuni kwa nini nilimdhulumu mama yule: tofauti ya thaa na siin imo katika zile sauti nyembamba za juu. Mazungumzo ya kawaida nilikuwa nikiyasikia, na hilo ndilo lililonidanganya.

Nilimtaka radhi mbele ya darasa zima. Akajibu, "Sheikh, mimi sina kinyongo, nilidhani ulimi wangu ndio mbovu." Neno hilo halijanitoka moyoni hadi leo. Mwalimu akisikia vibaya, mwanafunzi hujilaumu mwenyewe.

Basi, dada yangu wa Kilifi, jibu langu ni hili.

Kwanza, kabla ya kununua kitu, ipunguze kelele yenyewe. Omba meza iliyo mbali na dirisha au mlango. Mimi nilihamisha meza yangu upande wa pili wa kabati la mafaili, na mashine ya jirani ikapoteza nusu ya ukali wake. Halikunigharimu hata senti.

Pili, chagua aina inayozuia kelele isiingie, kwa sababu kinachotupandishia sauti ni kelele ya nje. Ziko hedifoni zenye mgongo wazi: sauti yake ni pana na tamu, lakini kelele huingia, na mwenzako wa kando husikia kila usikilizacho. Hizo ni za chumba cha faragha. Za ofisini ni zile zenye mgongo uliofungwa, zinazofunika sikio lote. Ziko pia zenye uwezo wa kuiua kelele kwa umeme: vinasa sauti vidogo huisikia kelele ya nje, na chombo hutoa wimbi lililo kinyume chake, mawili yakakutana yakafutana. Zafaa sana kwa mvumo wa mfululizo kama feni, jenereta na injini ya gari. Kwa maneno ya watu na kishindo cha nyundo hazifui dafu vile, basi usilipe fedha nyingi ukitarajia ukimya wa kaburi.

Tatu, ikiwa wasikiliza maneno, darsa au kisomo, jihadhari na zinazosifiwa kwa mdundo. Mdundo mzito huzimeza herufi. Jaribu dukani kwa kisomo cha polepole unachokijua. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye kisomo chake cha murattal cha Qur'ani nzima kilitolewa mwaka 1961, ni kipimo kizuri, kwani kila herufi aliipa haki yake. Ukimsikiliza na herufi zikakujia zimechanganyika, rudisha chombo kwa muuzaji.

Nne, usidanganyike na vyombo vya wataalamu. Kwenye boksi utaona idadi ya omu, yaani ukinzani wa umeme. Zenye omu 32 au karibu na hapo kwa kawaida huendeshwa vyema na simu au kompyuta. Za omu 250 huhitaji kikuza sauti cha pembeni, la sivyo zitanong'ona tu, nawe utakuwa umenunua mzigo. Zangu za sasa ni za waya, mgongo umefungwa, nimezinunua kwa shilingi 3,500. Waya haumalizi chaji.

Tano, sisi tu watu wa pwani. Joto, jasho na hewa ya chumvi huibabua haraka ile ngozi ya bandia iliyo kwenye mito ya hedifoni. Tafuta zenye mito inayobadilishika, ikiwezekana ya kitambaa, uifute kila wiki.

Sita, na hili nimeambiwa na mke wangu niwaandikie akina mama: hedifoni za kufunika zikivaliwa juu ya mtandio, sauti hupenya, lakini kitambaa huacha mwanya na kelele ya nje hupita humo. Mtu huongeza sauti bila kujijua. Mwenye kuvaa mtandio mzito afadhali atumie vile vidogo vya kutia sikioni, vyenye ncha laini ya mpira inayoziba vyema, na waya upite ndani ya buibui.

Saba, kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: sauti ya desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Tazameni jinsi daraja kumi tu zinavyokula saa 36! Shirika hilo lasema vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo hatarini kwa usikilizaji wao. Kwa asiye na kipimo, ushauri ni kutopita asilimia 60 ya uwezo wa chombo, na kuyapumzisha masikio kila baada ya muda. Ukiona mwenzako lazima apaze sauti ndipo umsikie ilhali yuko karibu nawe, umepita mpaka. Na ukisikia mlio wa nyenje usiku, usijiambie ni uchovu kama nilivyojiambia mimi. Nenda ukapimwe.

Sasa ama israfu. Israfu ni kutumia pasipo haja au kupita kiasi cha haja. Chombo kinachokulinda usikivu wako na kukusaidia kutenda kazi yako kwa utulivu kina haja ndani yake. Lakini aliye na kilichotosha, kisha akatamani kingine kwa sababu shoga yake wa meza ya pili amenunua kipya, huyo na aulize nafsi yake. Na akiba iliyowekwa kwa karo ya mtoto isiguswe kwa ajili ya mito laini.

Baki adabu. Saa za kazi ni amana ya aliyekuajiri. Kazi ya mikono, kama kupanga mafaili, huweza kwenda pamoja na darsa. Kazi ya hesabu aghalabu haiwezi, nami nimewahi kuandika kilo za kahawa katika safu ya nazi kwa sababu hiyo. Tena Qur'ani ina heshima yake. Aya ya 204 ya Suratul A'raf yatuamuru kuisikiliza na kunyamaza inaposomwa. Wanazuoni wengi wameifahamu amri hiyo kuwa yahusu ndani ya Swala, lakini adabu ni pana kuliko hapo: usiifanye kuwa pazia la kuzuia maneno ya jirani huku moyo wako uko kwenye karatasi. Ukihitaji utulivu tu, vaa hedifoni bila kuwasha kitu.

Na salamu ya Muislamu kuijibu ni wajibu. Apitaye akakutolea salamu, nawe umeziba masikio, huenda akaondoka na dhana mbaya kifuani. Waambie wenzako mapema, wakugonge mezani. Na nyumbani zivueni kabisa. Mtoto aliyemwita mama yake mara tatu bila kuitikwa hujifunza kutoita.

Darasa letu linaendelea. Mama yule amerejea, alhamdulillahi, na yuko Suratul Fiil. Herufi nyembamba, thaa, siin, na jamaa zake, sasa mke wangu ndiye anayezisahihisha. Mimi nimebaki na madda na waqfu, ambazo bado nazisikia. Nilichokipoteza hakirudi kwa hedifoni yoyote, hata ya dhahabu. Nawaandikia ili nyinyi mbakiwe na chenu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie masikio yetu, macho yetu na nyoyo zetu, na siku tutakayoulizwa juu yake atujaalie jibu jema. Amin.

Wabillahi tawfiq.