Kabambare: si kila uchovu wa mama ni malaria

Mama akifika kituo cha afya Kabambare na kusema mwili umechoka, wengi wanafikiria malaria. Kipimo kisipoonyesha malaria, anaambiwa damu imepunguka. Kama ni mhami aliyekimbia vita, anaambiwa ni mawazo. Nyumbani hakosekani wa kusema amerogwa.

Malaria ipo, na mawazo ya vita yapo. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaosahauliwa kwa urahisi: ugonjwa wa tezi ya shingo, ambayo waganga wanaiita tiroidi. Tezi hiyo iko mbele ya koo na inaongoza mwendo wa mwili mzima. Wanawake wanapatwa na ugonjwa wake kuliko wanaume.

Tezi ikilegea, mama anachoka, anasikia baridi wakati wengine wanatoka jasho, ananenepa bila kula sana, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, damu ya mwezi inazidi. Ikifanya kazi kupita kiasi, anakonda ingawa anakula, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unapotea. Shingo inaweza kuvimba au isivimbe. Ndiyo maana kuangalia kwa macho hakutoshi.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinaitwa TSH. Kikipanda, mara nyingi tezi imelegea. Kikishuka sana, mara nyingi inazidi kufanya kazi. Tezi iliyolegea inatibiwa kwa kidonge cha levothiroksini kila siku. Mama asinunue dawa hiyo sokoni bila kupimwa, maana ikizidi inaumiza moyo.

Jambo hili si geni mashariki mwa Kongo. Miaka ya 1960, katika kisiwa cha Idjwi kwenye Ziwa Kivu, watafiti akiwemo daktari Mbelgiji François Delange waliona watu wengi wenye shingo zilizovimba. Iodi ilikosekana kisiwani kote, lakini uvimbe ulizidi sana upande mmoja. Uchunguzi ulielekea kwenye muhogo: usipoloweshwa vizuri, sumu yake inazuia tezi kuchukua iodi. Familia iliyo njiani inakimbia haina siku tatu za kulowesha muhogo.

Kwa hiyo, zoni ya afya na mashirika ya kiutu yanayohudumia wahami yanapaswa kuongeza mambo mawili. Kwanza, muuguzi amguse shingo kila mama mwenye uchovu usioisha, na kwanza kabisa mwenye mimba, kwa sababu tezi iliyolegea inaweza kuharibu mimba au kudhuru ubongo wa mtoto. Pili, pale ambapo hakuna kipimo cha TSH, damu itolewe, itiwe katika kisanduku cha baridi na kupelekwa kwenye maabara ya mji. Chanjo zinasafirishwa katika baridi hadi vijijini; damu nayo inaweza kusafiri hivyo kwenda mjini.

Nyumbani, mama anunue chumvi yenye iodi, aifunike mbali na jua na unyevu, na muhogo uloweshwe siku zake zote.

Mama aliyepimwa malaria mara tatu bila kuonekana kitu ana haki ya kuuliza: "Na shingo yangu, mmeiangalia?"