Mbolea Huharibika: Imani ya Kinyume Inazigharimu Bustani za Baraka

Wenye bustani za nyumbani wengi, katika mji wa Baraka na vijiji vya Fizi kama kwingineko, huamini kwamba mbolea haiharibiki, na kwamba samadi iliyorundikwa uani huzidi kupata nguvu kadiri inavyonyeshewa. Imani hiyo inastahili kupingwa bila kusitasita, kwa sababu humfanya mkulima alalamikie uchovu wa udongo na bei ya mbolea ya dukani, ilhali rutuba aliyokuwa nayo inampotea uani kwake mwenyewe.

Imani hii ina chembe ya ukweli, nayo ndiyo inayoipa uhai. Mbolea za viwandani, kama vile urea, yenye asilimia 46 ya nitrojeni (kirutubishi kinachostawisha majani), au NPK 17-17-17, yenye viwango sawa vya nitrojeni, fosforasi na potasiamu kama vinavyopimwa kibiashara, ni bidhaa kavu zisizooza, na zikifungwa vizuri mahali pakavu hudumu miaka kadhaa. Hata zikiganda mabonge, huweza kupondwa na kutumika. Kosa ni kuuhamisha ukweli wa mfuko uliofungwa na kuupachika kwenye lundo lililo wazi, kwa maana samadi ni makao ya vijidudu hai ambavyo havikomi kuibadilisha.

Vijidudu hivyo hugeuza sehemu ya nitrojeni kuwa amonia, yaani ile hewa yenye harufu kali inayochoma pua katika banda la mbuzi, na kila harufu hiyo inaposikika, chakula cha mimea kinapaa angani. Mvua, ambayo katika ukanda huu huanza karibu mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi Mei, huyeyusha potasiamu na nitrojeni iliyobaki na kuzipeleka mitaroni, na hatimaye katika Ziwa Tanganyika, ambako hulisha mwani badala ya lengalenga na matembele. Lundo lililoachwa wazi huweza kupoteza nusu ya nitrojeni yake kabla halijafika kwenye tuta. Ni kweli kwamba samadi huhitaji kuiva ili isiunguze mizizi, lakini huiva vilevile, na kwa faida zaidi, ikiwa imefunikwa.

Majivu ya jikoni nayo humwagwa juu ya lundo kwa kudhaniwa kwamba yanaiongezea samadi nguvu, ilhali magadi yaliyomo huharakisha kutoka kwa amonia. Tena, majivu yenyewe yakinyeshewa hupoteza potasiamu, jambo ambalo halipaswi kumshangaza yeyote anayejua jinsi majivu yanavyochujwa kwa maji ili kupata chumvi ya kienyeji. Yanafaa kuwekwa peke yake, makavu, na kutiwa udongoni kidogokidogo siku tofauti na samadi au urea.

Huenda ikadaiwa kwamba hifadhi bora ni anasa ya wenye fedha za kununua mabati. Dai hilo halina uzito, kwa kuwa paa dogo la nyasi au la majani ya michikichi, pamoja na majani ya migomba juu ya lundo, hutosha kuzuia sehemu kubwa ya hasara. Na matandiko ya banda yaliyolowa mkojo, ambao hubeba sehemu kubwa ya nitrojeni na potasiamu ya mnyama, hukusanywa bila gharama. Katika mitaa ya tambarare iliyo karibu na ziwa, lundo lijengwe juu ya kitako kilichoinuka wala si shimoni, kwa sababu shimo hujaa maji.

Mbolea ya dukani, inayofika kwa barabara ya Uvira au kwa maboti, nayo haipaswi kupuuzwa, kwani urea hufyonza unyevu wa hewa ya ziwani. Ihifadhiwe katika ndoo yenye kifuniko, juu ya mbao, mbali na mbegu, vyakula na watoto, na mbali na mbuzi, ambao huweza kufa wakiila. Na mfuko wake mtupu usitiwe unga wa muhogo. Katika matumizi, gramu 100 za urea kwa tuta la meta 10 za mraba, sawa na kilo 100 kwa hekta, ni kipimo cha kutosha kwa mara moja, mradi ifukiwe kina cha sentimeta 5 hivi, pembeni mwa shina, kwa maana ikimwagwa juu ya udongo, sehemu yake hutoroka kwa njia ileile ya amonia.

Kwa hiyo, kabla ya kuhukumu kwamba udongo wa Fizi umechoka, lichunguzwe kwanza lundo lililo uani. Familia inayoacha samadi yake inyeshewe msimu mzima, kisha ikaenda kununua urea, inalipia dukani kile ilichokiachia mvua bure. Na anayetaka kuepuka hasara hiyo aezeke lundo lake kabla ya mvua za Oktoba.