Simu ya Bibi na Namba Yake ya Siri

Ndugu mtahiniwa, katika nyumba nyingi za Uyole, Tukuyu, Mafinga na Kilolo, fundi wa simu ni wewe. Mama akipokea ujumbe asioelewa, anakuita uusome. Bibi akitaka kumtumia mjukuu nauli, anakukabidhi kitochi chake na kukutajia namba ya siri kwa sauti, mbele ya kila aliyeota moto jikoni. Maoni yangu ni kwamba uikatae kazi hiyo. Mfundishe bibi kubonyeza mwenyewe tarakimu zake nne, hata kama itachukua jioni tatu. Siku tapeli atakapompigia na kumwomba namba hiyo, itakuwa mara ya kwanza kwa mtu kumtaka aitaje, naye atashtuka. Leo hashtuki, kwa sababu amezoea kuitaja.

Kwenye somo la kompyuta mmesoma habari za virusi na wadukuzi. Msiache kuvisoma, maana vinaulizwa. Lakini pesa za mkulima wa Nyanda za Juu Kusini kwa kawaida huibwa kwa maneno matupu. Mkoa wa Rukwa, ambao kutoka Mbeya unavuka Songwe tu kuufikia, umetajwa mara kwa mara katika taarifa za TCRA za kila robo mwaka miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai kwa njia ya simu. Tatizo hili halitoki mbali.

Chukua ule ujumbe maarufu: "Ile hela itume kwenye namba hii." Wengi huucheka. Hata hivyo, msimu mahindi ya Ismani yanapouzwa na mpunga wa Mbarali unapotoka shambani, pesa zinatembea: za vibarua, za magunia, za gari. Tapeli akituma ujumbe huo kwa watu elfu, hahitaji kumjua yeyote. Inatosha mmoja wao awe ameahidi kumtumia mtu hela asubuhi hiyo. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema kila anayetapeliwa ana tamaa. Huyu alikuwa analipa deni lake.

Ulaghai mwingine unakuhusu wewe unayesoma bweni. Mzazi anapigiwa na mtu anayejiita mwalimu: mtoto ameanguka, yuko hospitali, daktari anataka pesa sasa hivi. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, hivyo mzazi hana njia ya kukuuliza kama uko mzima, na tapeli anaujua ukweli huo kuliko tunavyodhani. Kabla ya kurudi shuleni, andika kwenye karatasi namba ya mkuu wa shule na ya matroni au patroni, uibandike ukutani nyumbani. Kubalianeni pia swali moja ambalo mtu wa nje hawezi kulijibu, kwa mfano jina la ng'ombe aliyeuzwa ulipoanza kidato cha kwanza. Anayepiga akilishindwa, mzazi akate simu, kisha aipigie shule kwa namba ya ukutani.

Wengine mmetimiza miaka 18 na kupata namba ya NIDA. Hapo mnaingia kundi jingine la wanaowindwa. Wakala wa barabarani anakusajilia laini, halafu anasema, "Weka kidole tena, haijasoma." Mara nyingine ni kweli haijasoma. Mara nyingine amesajili laini ya pili kwa jina lako, na laini hiyo ndiyo itakayotumika kuwaibia watu, kisha polisi wakukute wewe kwenye kumbukumbu. Kabla hujaondoka pale kwenye mwavuli wake, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, ifuatilie siku hiyo hiyo kwenye duka la kampuni husika.

Wanaouza "mtihani uliovuja" kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram sina mengi ya kusema juu yao. Unalipa kwanza, kisha unaondolewa kwenye kundi. Na ambaye hukumtumia pesa anaweza kukuomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu ya mama. Ukimpa, WhatsApp ya mama inakuwa yake, na jamaa zenu wote wataombwa mkopo kwa jina la mama.

Ujumbe wa kitapeli usiufute kwa hasira. Utume kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA ili laini hizo zifungiwe. Na bibi akipigiwa na anayejiita huduma kwa wateja, aangalie kwanza kwenye kioo cha kitochi: kampuni za simu hupiga kwa namba 100, na tarakimu tatu hizo hata asiyesoma vizuri anazitambua.