Jumba la Michezo ni la Nani?

Mwanafunzi mpenzi, mara nyingi nimewasikia vijana wa huku Malakisi wakinena, "Sisi hatuna jumba la michezo ya kuigiza, wenye bahati ni watu wa Nairobi." Neno hili nalipinga.

Litazame jumba lenyewe la taifa huko Nairobi. Lilifunguliwa Novemba 1952, majuma machache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza Hali ya Hatari. Liliitwa la taifa, ilhali jukwaa lilikuwa la Wazungu. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, lakini jukwaa halikugeuka mara moja. Oktoba 1976, michezo miwili ya Wakenya, iliyochaguliwa kwenda tamasha la Lagos la 1977, ilipewa siku chache tu humo, kwa kuwa michezo ya wageni ilikwisha kuwekewa nafasi. Mmoja ni wa Francis Imbuga, mzaliwa wa magharibi kama wewe. Wa pili, wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, ulimhusu Dedan Kimathi. Basi Kimathi, ambaye wakoloni walimnyonga mwaka 1957, akasimama jukwaani mle mle!

Je, ni mawe yaliyolifanya jumba lile kuwa la taifa? La hasha! Mawe yalikuwa yale yale. Kilichogeuka ni hadithi. Mwaka 2015 lilifunguliwa upya baada ya kutengenezwa. Nayasifu matengenezo hayo, lakini rangi mpya haitungi mchezo.

Utaniambia, "Bila jumba tutachezea wapi?" Wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walijenga jukwaa lao wenyewe mahali pa wazi, wakaigiza kwa Kikuyu mwaka 1977. Serikali iliupiga marufuku mchezo wao, na mwaka 1982 ikalibomoa jukwaa. Nani huogopa jukwaa lisilo na nguvu?

Nawe huna hadithi? Hapa hapa Malakisi, Februari 1948, polisi waliwapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, na watu wakafa. Waulize wazee, ungali nao. Andika wanayokuambia, kusanya wenzako, mcheze katika kiwanja cha shule. Ukingoja kujengewa jumba kwanza, wazee watakwisha, na siku jumba litakapokuja utaingia humo kutazama hadithi za wengine.