Mkoba wa Sh600 kutoka China haugharimu Sh600

Fungua stetasi za WhatsApp za vijana wa Embu jioni yoyote. Mikoba, viatu, saa, taa za chumbani. "Mzigo umetua, wahi kabla haujaisha!" Kuanzia Kangaru hadi Majimbo, kila mtu siku hizi anaagiza China. Sina shida na hilo. Kazi ni chache, na simu ni duka lisilolipiwa kodi ya nyumba. Shida yangu ni hesabu.

Wengi wetu tunapiga hesabu hivi: mkoba nimenunua Sh600, nitauza Sh1,800, faida Sh1,200. Mikoba 40, faida Sh48,000. Basi mtu anachukua pesa za chama, au karo ya muhula, anatuma Guangzhou.

Hebu tupige hesabu hiyo upya, kwa mfano tu. Mikoba yenyewe ni Sh24,000. Kuifikisha kwenye stoo ya wakala kulekule China, Sh1,600. Kubadilisha pesa na ada za kulipa, Sh1,000. Kwa ndege, wakala anadai Sh1,200 kwa kilo, ushuru ukiwa ndani. Mizani inasema kilo 20, lakini mikoba inajaza nafasi. Wakala anapima urefu, upana na kimo cha katoni, anakuandikia kilo 25. Hiyo ni Sh30,000, zaidi ya bei ya mikoba! Ongeza matatu ya kutoka Nairobi Sh600, matangazo na bando Sh2,000, mifuko ya kufungia Sh800. Jumla Sh60,000. Kila mkoba umekugharimu Sh1,500.

Faida basi ni Sh300 kwa mkoba? Bado. Miwili imefika zipu zimeng'oka. Minne imekwama hadi ukaitupa kwa Sh1,000. Iliyobaki 34 imeenda kwa Sh1,800. Umeingiza Sh65,200. Wateja 20 uliwaahidi kuwafikishia bure, wengine wako Runyenjes na Siakago, na kila mmoja amekula Sh100. Umebaki na Sh3,200, baada ya wiki kadhaa za kujibu "bei ya mwisho?" usiku wa manane. Kama pesa zilikuwa za mkopo, toa riba pia.

Na usidhani ukiagiza mwenyewe bila wakala utakwepa gharama. Bidhaa nyingi zilizo tayari hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 au 35 katika nchi za Afrika Mashariki. Ushuru huo hupigwa kwa bei ya bidhaa pamoja na usafiri na bima, si bei ya bidhaa pekee. Kisha VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya jumla hiyo na ushuru wenyewe. Mzigo uliofika kwa Sh40,000, ukitozwa asilimia 25, unalipa ushuru Sh10,000 na VAT Sh8,000. Ada ndogondogo bado hazijaingia.

Kwa maoni yangu, mzigo wa kwanza wa kijana usitoke China. Utoke Kamukunji au Eastleigh. Huko unashika mkoba kwa mkono, unavuta zipu, unanunua mitano tu, na jioni uko Embu. Ukikwama na miwili, hujafilisika. Mzigo wa meli unaweza kukaa mwezi na zaidi baharini. Muda huo pesa zako za Kamukunji zingekuwa zimezunguka mara kadhaa. Zaidi ya yote, unajua sasa wateja wako wanataka nini na watalipa ngapi.

Ukishajua, ndipo uulize swali moja: mkoba huu ukinifikia Embu utakuwa umenigharimu ngapi, na Nairobi wanauza jumla ngapi? Kama wako unafika kwa Sh1,500 na wa Kamukunji ni Sh1,300, China haina haja. Kama tofauti inakufaa hata baada ya kutoa mikoba itakayoharibika na itakayokwama, agiza bila woga.

Wengine watasema ninawavunja moyo vijana. La. Anayevunjwa moyo ni yule aliyeuza mzigo wote, akapongezwa na marafiki, kisha akakosa pesa za kuagiza mwingine bila kujua zilienda wapi. Wahenga walishatuambia: mali bila daftari hupotea bila habari.