Kidole cha Nyanya Hakisomi

Nyanya yangu ameshika jembe zaidi ya miaka hamsini. Vidole vyake vimelainika kama jiwe la mtoni, mistari yote imefutika. Juzi nilimpandisha matatu hapa Kamukuywa alfajiri, tukapanga foleni katika hospitali moja ya mjini. Tulipofika dirishani, kijana akamkandamiza kidole gumba kwenye kioo cha mashine ya alama za vidole mara tatu, akakipangusa kwa pamba, akajaribu tena. "Kukhu, kidole hakisomi." Basi! Mwanamke wa presha na sukari akarudi nyumbani bila dawa, kosa lake kulima.

Mtambo usiomtambua mzee ni mbovu. Mzee hana kasoro.

Wala asitokee mtu kudai kwamba wazee wetu wanaogopa teknolojia. Nyanya huyuhuyu hupokea M-Pesa kwa kabambe yake na hakuna anayemwibia hata shilingi. Kinachomchosha ni kufuata huduma zilizotawanyika: presha Jumanne, sukari Alhamisi, macho mpaka Kitale. Nauli tatu, foleni tatu, na anayeandika dawa ya leo hajui ya juzi ilikuwa ipi.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye kipima presha na kipima sukari, pamoja na simu za kuhifadhia matokeo. Huo ndio mpango ninaoutetea kwa nguvu zangu zote! Mhamasishaji wa kwetu hufika, humkalisha nyanya chini ya mparachichi, humfunga kile kitambaa mkononi, huingiza namba kwenye simu. Lakini tukifika mjini, daktari hazioni namba hizo. Anaanza upya, kana kwamba mgonjwa amezaliwa asubuhi hiyo.

Na isisemwe kuwapelekea wagonjwa huduma pamoja haiwezekani. AMPATH, mpango wa afya wa Eldoret, ulilijaribu hilo kwa wagonjwa wa presha au sukari huku huku magharibi: wengine wakaingia vikundi vya kuweka akiba, wengine wakatibiwa kwa vikundi, wengine wakapata vyote viwili. Matokeo ya waliopata vyote viwili, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha presha ikishuka vya kutosha kuupunguzia moyo hatari.

Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, unganisheni simu ya mhamasishaji na kompyuta ya daktari. Lipeni posho yake kwa wakati. Na kidole kikikataa, kitambulisho kitoshe, mzee atibiwe siku hiyo hiyo.

Alhamisi tunarudi foleni. Vidonge vya nyanya vimebaki vinne.